Kura zilikuwa Washington, baraka zilitafutwa Addis Ababa: kisa cha kiti cha Benki ya Dunia, 2012

Ijumaa ya tarehe 23 Machi 2012 ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka majina ya wanaotaka kuiongoza Benki ya Dunia. Siku hiyo, Pretoria, waziri wa fedha wa Afrika Kusini Pravin Gordhan alitangaza kwamba nchi yake, Nigeria na Angola zinamleta Ngozi Okonjo-Iweala, waziri wa fedha wa Nigeria. Siku hiyohiyo, Washington, Rais Barack Obama alitoka kwenye bustani ya waridi ya White House akiwa na Hillary Clinton na Timothy Geithner, akamtaja Jim Yong Kim, daktari mzaliwa wa Seoul aliyekuwa mkuu wa chuo cha Dartmouth. Wengi waliokuwa wakifuatilia kinyang'anyiro hicho walikuwa hawajawahi kulisikia jina hilo likihusishwa na benki yoyote.

Siku 24 baadaye Kim alikuwa ameshinda. Tangu Benki ianze kazi mwaka 1946, haikuwahi kutokea bodi ikagawanyika juu ya nani awe rais, na tangu 2012 haijatokea tena.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama habari ya mwanamke wa Kiafrika aliyestahili akanyimwa. Ni kweli, lakini ukiishia hapo unabaki na uchungu tu, na uchungu hauelezi kitu. Mimi kinachonisumbua ni safari moja ya ndege. Mgombea wa Marekani, ambaye kwa hesabu za kura hakuwa na shida hata kidogo na Afrika, alipoanza ziara yake ya kujitambulisha kwa dunia alianzia Addis Ababa. Kwa nini mtu aende kuomba mahali asipohitaji kura?

Sheria ambayo haikuandikwa

Mkataba ulioizaa Benki, uliokubaliwa Bretton Woods mwezi Julai 1944, hausemi popote kwamba rais awe Mmarekani. Unasema wakurugenzi watendaji ndio watakaomchagua, basi. Hayo mengine ni mazoea: Marekani inachukua Benki ya Dunia, Ulaya inachukua Shirika la Fedha la Kimataifa, na kila upande haumsumbui mwenzake. Kuanzia Eugene Meyer hadi Robert Zoellick walipita marais 11, wote raia wa Marekani. Mmoja wao, James Wolfensohn, alizaliwa Australia na ikabidi awe na uraia wa Marekani kwanza.

Mazoea hayo yalianza kunuka mwaka 2005, George W. Bush alipompeleka Paul Wolfowitz, mmoja wa wapishi wa vita ya Iraq. Miaka miwili baadaye Wolfowitz aliondoka kwa aibu, kwa sababu ya mshahara na cheo alivyompangia mwenzi wake aliyekuwa mfanyakazi wa Benki hiyohiyo. Rais wa taasisi iliyokuwa ikizunguka dunia kuwahubiria watu utawala bora! Hata waliokuwa wakinyamaza walianza kuuliza: huyu alichaguliwa kwa kigezo gani?

Kwa hiyo mwaka 2011 bodi ilikubaliana juu ya utaratibu. Nchi yoyote mwanachama inaweza kupendekeza raia wa nchi yoyote mwanachama. Majina yakizidi yanachujwa hadi matatu, wagombea wanasailiwa, na sifa zimeandikwa: rekodi ya uongozi, uzoefu wa kuendesha taasisi kubwa yenye sura ya kimataifa, uwezo wa kueleza dira ya maendeleo, moyo wa ushirikiano wa mataifa, na ulimi wa kidiplomasia usioegemea upande. Ukisoma orodha hiyo unaona mtu aliyeiandika hakuwa na nia mbaya. Ila hakuna aliyegusa hisa, na kura ni hisa: mwenye hisa nyingi ndiye mwenye kura nyingi.

Mwaka huohuo wa 2011 kulitokea jambo jingine ambalo kwangu ndilo ufunguo. Dominique Strauss-Kahn alijiuzulu ghafla ukuu wa Shirika la Fedha. Ulaya ikamleta Christine Lagarde wa Ufaransa, Mexico ikamleta gavana wa benki yake kuu, Agustín Carstens. Marekani ilimuunga mkono Lagarde, naye akakipata kiti. Hivyo Zoellick alipotangaza tarehe 15 Februari 2012 kwamba anaondoka mwisho wa Juni, Ulaya ilikuwa na deni la fadhila kwa Marekani, la miezi minane tu, na Lagarde mwenyewe alikuwa amekaa jirani, ng'ambo ya mtaa.

Waliojitokeza

Wa kwanza kupaza sauti hakuwa Kim wala Ngozi. Alikuwa Jeffrey Sachs, mchumi wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyefanya jambo geni kabisa: aliandika gazetini mwanzoni mwa Machi kwamba anaitaka kazi hiyo na yeye ndiye anayeifaa. Serikali kadhaa zilimuunga mkono, na moja kati ya hizo ilikuwa Kenya. Wasomaji wa huku kwetu wanamjua Sachs kwa vijiji vya milenia: Sauri kule magharibi mwa Kenya, Mbola mkoani Tabora, Ruhiira Uganda, Mayange Rwanda. Mbolea, vyandarua, zahanati, chakula cha shuleni, vyote kwa mpigo. Walioona vijiji hivyo wanabishana hadi leo kama vilifanikiwa, lakini angalau kilikuwa kitu cha kuonyesha. Kim alipotajwa, Sachs alijitoa siku hiyohiyo na kumpongeza.

Ngozi hakuhitaji kujieleza sana. Alikuwa ameitumikia Benki kwa takriban miaka 25, akapanda hadi kuwa mkurugenzi mwendeshaji kuanzia 2007 hadi 2011. Katika uwaziri wake wa kwanza wa fedha, mwaka 2005, aliongoza mazungumzo na Klabu ya Paris, kundi la nchi zinazozidai nchi nyingine, juu ya deni la Nigeria la dola bilioni 30. Dola bilioni 18 zikafutwa. Watu waliowahi kuwa mameneja wa Benki, zaidi ya 30, waliandika barua ya kumuunga mkono. Majarida ya uchumi ya Uingereza, ambayo kwa kawaida hayana haraka ya kumsifia waziri wa Afrika, yalisema yeye ndiye anayefaa. Usaili wake ulikuwa kama mtu anayerudi ofisini kwake baada ya likizo.

Hakuwa malaika lakini, na hili mashabiki wake wa nje ya Nigeria waliliruka. Tarehe 1 Januari 2012 serikali aliyokuwamo, yeye akiwa waziri anayeratibu uchumi wote, iliondoa ruzuku ya mafuta. Petroli ikapanda usiku mmoja kutoka naira 65 kwa lita hadi zaidi ya 140. Nchi ikasimama, vyama vya wafanyakazi vikagoma, watu wakafa kwenye maandamano, na baada ya wiki mbili bei ikashushwa hadi naira 97. Kwa hiyo wakati magazeti ya London yanamwita tumaini la Afrika, wapo waliokuwa kwenye foleni za mafuta Lagos waliokuwa na jina jingine la kumwita. Kuondoa ruzuku ni dawa ambayo Benki yenyewe imeiandika kwa nchi nyingi. Aliyetaka rais mwenye kuifahamu Benki kwa mazuri na mabaya yake asingepata aliyeiva kuliko huyu.

José Antonio Ocampo, wa tatu, alikuwa waziri wa fedha wa zamani wa Colombia na kisha kigogo wa masuala ya uchumi katika Umoja wa Mataifa. Alipelekwa na Brazil. Serikali ya nchi yake mwenyewe ilisema ina shughuli nyingine: ilikuwa inamfanyia kampeni makamu wa rais wake kwenye Shirika la Kazi Duniani. Mtu anakwenda vitani na kwao wamefunga mlango.

Kim, kwa upande wake, alikuwa kipande cha hesabu kilichokatwa vizuri sana. Alizaliwa Korea Kusini mwaka 1959, akahamia Iowa akiwa na miaka mitano. Ana udaktari wa tiba na shahada ya uzamivu ya anthropolojia. Mwaka 1987 alishiriki kuanzisha shirika la Partners In Health lililotibu kifua kikuu sugu Haiti na Peru wakati wakubwa wa afya duniani walikuwa wakisema maskini hawatibiki kwa gharama hiyo. Alipokuwa Shirika la Afya Duniani alisukuma kampeni ya kuwafikishia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI watu milioni tatu ifikapo mwisho wa 2005. Lengo lilichelewa, likatimia mwaka 2007. Kama una ndugu aliyeanza dawa hizo miaka ile, kazi hiyo si ya kubeza.

Wapinzani wake walichimba kitabu cha mwaka 2000 ambacho alikuwa mmoja wa wahariri wake, chenye sentensi iliyosema kwamba kukimbilia ukuaji wa pato na faida za makampuni kumewaharibia maisha mamilioni ya watu. Wachumi wakapiga kelele: anayeshuku ukuaji wa uchumi apewe benki ya maendeleo? Na kweli, kwenye zile sifa zilizoandikwa, Kim hakuwa na benki, hakuwa na wizara, hakuwa na bajeti ya taifa. Alikuwa na chuo kikuu na zahanati.

Lakini fikiria majina yaliyokuwa yakizungumzwa Washington kabla yake. Lawrence Summers, waziri wa fedha wa zamani wa Marekani, ndiye aliyetajwa sana. Kama Afrika Kusini, Nigeria na Brazil zisingekuwa zinajiandaa kuleta watu wazito, naamini dunia ingeletewa mtu wa aina hiyo na bodi ingepiga makofi. Ushindani ulibadilisha ni Mmarekani gani atakayeletwa. Haukubadilisha ni nani anayeleta.

Hesabu ya chumbani

Hapa ndipo masimulizi mengi yanapopita haraka, nami nataka tukae kidogo.

Mwezi Aprili 2012 Benki ilikuwa na nchi wanachama 187. Nchi 187 hazikai mezani. Wanakaa wakurugenzi watendaji 25, katika jengo la Benki pale Washington. Nchi kubwa zina mkurugenzi wao peke yao. Zilizobaki zimefungwa kwenye mafungu, kila fungu na mkurugenzi mmoja, na mkurugenzi huyo anazipiga kura za fungu lake lote kama furushi moja. Hawezi kusema nusu ziende huku na nusu kule.

Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika fungu moja na Ethiopia, Zambia, Malawi, Msumbiji na wengine, nchi zisizopungua 20 kwa jumla. Wakichukuliwa wote pamoja hawafikii hisa za nchi moja ya Ulaya kama Ujerumani. Ndani ya fungu hilo Tanzania peke yake haina hata nusu ya asilimia moja ya kura za Benki. Pembeni kuna fungu jipya, lililoundwa Novemba 2010 Afrika ya kusini mwa Sahara ilipoongezewa kiti cha tatu. Fungu hilo lina nchi tatu tu: Nigeria, Afrika Kusini, Angola. Sasa rudi kwenye majina ya nchi zilizotangaza kule Pretoria. Ni zilezile. Kiti kile cha tatu, ambacho wengi walikichukulia kama pipi ya kuwanyamazisha Waafrika, ndicho kilichojipanga na kumleta mgombea.

Mafungu mengine yana sura za kuchekesha. Jamaica, Barbados na visiwa kadhaa vya Karibea vimo katika fungu la Kanada. Uswisi inazisemea nchi za Asia ya Kati. Uholanzi inazisemea nchi za Ulaya Mashariki. Kwa hiyo wimbo wa "nchi zinazoendelea zina karibu nusu ya kura", asilimia 47 na ushee kwa mujibu wa mageuzi yaliyokubaliwa mwaka 2010, ni kweli kwenye karatasi. Chumbani, sehemu ya hiyo nusu inashikwa na mikono ya Ottawa, Bern na The Hague.

Sasa jumlisha. Marekani ilikuwa na takriban asilimia 16. Zinatosha kuzuia mkataba wa Benki usibadilishwe, kwa maana mabadiliko hayo yanahitaji asilimia 85. Kwa kumchagua rais hazitoshi: hapo panahitajika zaidi ya nusu, na Marekani haina kura ya turufu. Hili linasahaulika sana. Marekani iliweza kushindwa. Ila Ulaya ina zaidi ya robo, na Ulaya ilikuwa na deni la Lagarde. Ongeza Japani, mwanahisa wa pili kwa ukubwa, na umeshafika kizingitini mwa nusu. Ongeza Kanada na Korea Kusini, ambayo ilikuwa inamuona kijana wake akienda kukaa kiti kikubwa, na umeingia ndani ukafunga mlango.

Ngozi angeshinda kwa njia gani? Moja tu: Ulaya ivunjike, na wakati huohuo Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini zisimame kama ukuta. Ukuta ulionekana kuinuka. Tarehe 29 Machi viongozi wa nchi hizo tano walikutana New Delhi, na tamko lao lilisema wanawakaribisha wagombea kutoka nchi zinazoendelea. Kukaribisha si kuchagua. Brazil na Afrika Kusini zilikuwa na wagombea wawili tofauti. China na India hazikumtaja mtu. Wiki mbili baadaye Urusi ilisema wazi kwamba iko na Kim.

Ocampo aliliona hilo. Ijumaa ya tarehe 13 Aprili alijitoa na kumwachia Ngozi, akisema mchakato umegeuka wa kisiasa na haupimi sifa. Ilikuwa heshima, na ilikuwa imechelewa: zimebaki siku mbili za mapumziko kabla ya bodi kukutana. Ngozi mwenyewe, asubuhi ya Jumatatu ya tarehe 16, aliwaambia waandishi akiwa Abuja kwamba jambo hili haliamuliwi kwa sifa bali kwa uzito wa kura na hisa, kwa hiyo Marekani ndiyo itakayoipata. Gordhan naye alilalamikia uwazi wa mchakato. Saa chache baadaye Benki ilitoa taarifa: Kim amechaguliwa, na wagombea wa mwisho walipata uungwaji mkono wa nchi mbalimbali, jambo linaloonyesha ubora wao. Hakuna hesabu iliyotolewa. Nani alimpigia nani, hadi leo tunakusanya kutoka kwenye matamko ya nchi zenyewe.

Jambo jingine dogo, nalitaja kwa sababu linaniudhi. Wiki ile ya usaili, taasisi moja ya utafiti ya Washington iliwaalika wote watatu kujieleza hadharani na kuulizwa maswali. Ngozi alikwenda. Ocampo alikwenda. Kim hakwenda. Anayejua atashinda hana sababu ya kujibu maswali ya ukumbini.

Kwa nini Addis Ababa

Narudi kwenye ndege. Siku chache baada ya kutajwa, Kim alianza kile alichokiita ziara ya kusikiliza. Addis Ababa kwanza, halafu miji mikuu ya Asia, halafu Brazil na Mexico. Addis Ababa ndiyo makao ya Umoja wa Afrika, ambao mgombea wake alikuwa Ngozi. Kura za kupata pale zilikuwa chache, na zenyewe ziko kwenye furushi.

Jibu langu ni kwamba Marekani ilikuwa na ushindi na haikuwa na uhalali. Benki ya Dunia inaishi kwa kukopesha, na mikopo nafuu na misaada yake mingi inakwenda Afrika. Rais aliyechaguliwa dhidi ya Afrika nzima angekuwa anaingia kwa mkopaji wake kama mgeni asiyealikwa. Kilichokuwa kinatafutwa ni picha, neno jema, kupeana mikono. Kwa Kiswahili cha nyumbani: alikuwa anaomba radhi kwa wazee wa upande wa pili ilhali mahari imeshalipwa kwingine.

Na baraka alizipata. Rais Paul Kagame wa Rwanda alimsifu Kim kama rafiki wa kweli wa Afrika, na White House iliyaweka maneno hayo kwenye karatasi zake za kumnadi. Simlaumu Kagame kwa kusema alichokiona. Partners In Health wamefanya kazi Rwanda tangu 2005. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, iliyofunguliwa mwaka 2011, inasimama mlimani kwa yeyote anayetaka kwenda kuitazama. Mtu akikujengea hospitali, unamsemea vizuri. Lakini tazama ramani ya kanda yetu peke yake ndani ya mwezi mmoja: Kenya na Sachs, Rwanda na maneno mazuri kwa Kim, na Umoja wa Afrika, ambao wote ni wanachama wake, na Ngozi.

Afrika haikuwa na kura za kuuza. Ilikuwa na baraka, na hizo Washington ilizihitaji kiasi cha kupanda ndege. Kila mmoja alizitoa za kwake, kwa sababu zake, na sijaona popote mtu aliyeuliza: mkizitaka, mtabadilisha nini kwenye hisa? Mtatoa ahadi gani juu ya uchaguzi ujao? Huenda jibu lingekuwa hapana. Lakini hapana inayosikika hadharani ina thamani yake, na 2012 ndiyo mara pekee mlango ulipokuwa wazi kiasi cha kuuliza.

Baada ya hapo

Ngozi alimpongeza Kim, akasema wameonyesha kwamba kiti hicho kinaweza kugombewa na kwamba Afrika ina watu wa kuendesha taasisi kubwa kuliko zote. Kim alianza kazi tarehe 1 Julai 2012.

Kama kuna anayedhani ni mchezo wa vyeo usiomgusa mwananchi, aitazame Uganda. Februari 2014, baada ya Rais Museveni kusaini sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, Kim aliusimamisha mkopo wa afya wa dola milioni 90 uliokuwa ukingoni kupitishwa. Fedha hizo zilikuwa za kuimarisha huduma za afya, zikiwemo za mama wajawazito. Kuna waliomshangilia na kuna waliouliza kama Benki inaruhusiwa kuchagua sheria ipi ya nchi ipi imuudhi. Mimi nina maoni yangu juu ya sheria ile na sitayamaliza hapa. Ninachosema ni kwamba uamuzi ulitoka juu kabisa, na aliyekuwa juu aliwekwa pale na mahesabu yale ya Aprili.

Ndani ya Benki mambo yalimwia magumu. Aliivunja na kuipanga upya, akatafuta kupunguza matumizi kwa dola milioni 400, wafanyakazi wakachoka naye. Agosti 2016 chama cha wafanyakazi kiliandika kwamba kuna mgogoro wa uongozi na kikataka uteuzi wa wazi, wa kimataifa. Mwezi huohuo Marekani ilimpendekeza Kim tena, dirisha la majina likafunguliwa wiki tatu tu, hakuna nchi iliyopeleka jina jingine, na mwisho wa Septemba akawa amepita bila kupingwa. Kwetu tunaujua msemo huo kutoka kwenye chaguzi za vijiji na mitaa, na tunajua unavyopatikana. Januari 2019, zikiwa zimebaki miaka zaidi ya mitatu, alitangaza anaondoka kwenda kwenye kampuni binafsi ya uwekezaji wa miundombinu. Akaja David Malpass, mteule wa Donald Trump. Bila kupingwa.

Ngozi alingoja hadi Shirika la Biashara Duniani lilipohitaji mkuu mpya. Kule hakuna hisa, kunatakiwa maridhiano ya wote, na Oktoba 2020 karibu kila mwanachama alikuwa tayari kumkubali. Serikali ya Trump ikasema inamtaka Yoo Myung-hee wa Korea Kusini, na nchi moja ikawaweka wengine wote kwenye benchi kwa miezi zaidi ya mitatu. Yoo alijitoa Februari 2021 baada ya Joe Biden kuingia, na Machi mosi Ngozi akaanza kazi, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza pale. Wanaosema dawa ni kuondoa hisa tu na kila nchi iwe na sauti sawa wakitazame kipindi hicho vizuri.

Malpass naye aliondoka mapema. Tarehe 23 Februari 2023 Biden alimtaja Ajay Banga, mzaliwa wa Pune, India, aliyepata uraia wa Marekani mwaka 2007 na kuwahi kuiongoza Mastercard. Dirisha lilikuwa wazi hadi tarehe 29 Machi. Mwezi huo wa Machi Banga alianza ziara yake ya kujitambulisha kwa dunia. Ndege ilitua Abidjan, kisha Nairobi, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kutangaza kumuunga mkono. Dirisha lilipofungwa, ndani mlikuwa na jina moja.